Mita 60 kutoka maji yapi?

Sibwesa iko mbali na bahari. Kutoka kata hiyo ya Wilaya ya Tanganyika, Mkoa wa Katavi, hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 900 kwa mstari ulionyooka, na msafiri anayepanda treni Mpanda hupitishwa Kaliua, Tabora na Dodoma kabla hajasikia harufu ya maji ya chumvi. Kwa hiyo inapotangazwa redioni kwamba bahari za dunia zinapanda, mtumishi wa Sibwesa, awe mwalimu, mganga au mtendaji wa kata, hudhani kwamba habari hiyo ni ya watu wa Bagamoyo, Mafia na Unguja, na kwamba yeye amepewa tu fursa ya kuwahurumia.

Dhana hiyo hapana budi irekebishwe. Wilaya anayoitumikia mtumishi huyo imepewa jina la ziwa, na vijiji vya Ikola na Karema viko ukingoni mwa ziwa hilo. Mvua zinazolijaza huamuliwa kwa kiasi kikubwa na joto la Bahari ya Hindi. Zaidi ya hayo, swali linaloulizwa leo na wataalamu wa bahari kuhusu mwambao wa Tanzania ndilo hilo hilo linalopasa kuulizwa Katavi kuhusu ziwa: maji yatafika wapi, lini, na nani aliyepima?

Ianze sheria, kwa kuwa ndiyo inayomfikia mtumishi mezani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu chake cha 57, inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari au ziwa, na kutoka ukingo wa mto. Ni sheria njema, na bila hiyo fukwe nyingi zingekwisha kuzungushiwa kuta za watu binafsi. Lakini ina upungufu ambao mwalimu yeyote wa hisabati anaweza kuuonyesha ubaoni kwa chaki. Mita 60 ni kipimo cha upana, ilhali maji hupanda kwa kimo. Penye mwamba mkali, kama chini ya milima ya Mahale, mtu akienda mita 60 kutoka majini atakuwa amekwisha kupanda juu sana, na hakuna wimbi litakalomfuata. Penye tambarare mambo ni mengine. Ardhi ikiinuka mita moja tu kwa kila mita 100, maji yakipanda mita moja yatatembea mita 100. Yatazipita zile mita 60 za sheria na kuendelea na safari yao, na nyumba iliyojengwa kihalali kabisa, yenye kibali na muhuri, itakuwa imesimama ndani ya maji.

Tena huo utepe wa kupimia unaanzia wapi? Ziwa Tanganyika hupanda mvua zinapomalizika na kushuka kiangazi kinapokolea, kwa zaidi ya nusu mita kila mwaka. Afisa anayepima mwezi Mei na mwenzake anayepima mwezi Oktoba watapiga vigingi mahali tofauti, kila mmoja akiwa na sheria hiyo hiyo mkononi. Na hapo hayajatajwa bado mabadiliko ya miaka mingi, ambayo ndiyo makubwa.

Pwani wataalamu wamekwisha kulijibu swali hili kwa sehemu, na inafaa kuitazama kazi yao ilivyofanywa, kwa sababu ndiyo itakayohitajika ziwani.

Kati ya mwaka 1901 na 2018 usawa wa bahari duniani ulipanda kwa wastani wa sentimeta 20. Mwendo wake haukuwa mmoja: katika miaka ya 2006 hadi 2018 ulifikia karibu milimeta 3.7 kwa mwaka, kasi iliyo kubwa kuliko ile ya karne iliyopita. Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi, katika ripoti yake ya mwaka 2021, lilikadiria kwamba kufikia mwaka 2050 bahari itakuwa imepanda sentimeta 15 hadi 29 juu ya ilivyokuwa wastani wa miaka ya 1995 hadi 2014. Kufikia mwaka 2100 makadirio yanaachana kulingana na gesi zitakazomwagwa angani. Dunia ikijizuia, ni kati ya sentimeta 32 na 62. Ikiendelea kuchoma mafuta na makaa bila breki, ni kati ya sentimeta 63 na mita moja na sentimeta moja, na barafu ya Antaktika ikivunjika kwa kasi isiyotarajiwa huenda ikazidi hapo.

Mtu wa pwani anaweza kucheka akiambiwa sentimeta 20. Dar es Salaam, wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa huzidi mita tatu, na watoto wa Kigamboni wamezaliwa wakiiona. Lakini sentimeta hizo 20 huja juu ya bamvua. Ukuta ambao hapo zamani ulifikiwa na maji siku chache katika miaka mingi utaanza kufikiwa kila mwaka, kisha kila bamvua. Ndiyo maana Serikali ilijenga ukuta wa kukinga bahari kando ya Barabara ya Barack Obama jijini Dar es Salaam, uliokamilika mwaka 2018, na ndiyo maana wakulima wa mpunga katika visiwa vya Unguja na Pemba wanayajua mashamba yaliyoingiwa na chumvi hata yakaachwa. Fedha za kuta hizo zinatoka katika hazina ile ile inayotazamiwa na Sibwesa kwa madawati na dawa. Mbali na bajeti, dawa zenyewe, na mafuta ya gari linalozileta, vimepitia bandari ya Dar es Salaam.

Hata hivyo, hakuna mtu anayeishi kwenye wastani wa dunia. Bahari haijai kama beseni, kila mahali sawa. Maji yakipata joto hutanuka, na bahari imemeza zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada linalotokana na gesi hizo; lakini joto hilo halikugawanywa sawasawa, hivyo mahali pamoja hutanuka zaidi kuliko pengine. Pepo nazo huyasukuma maji. Kaskazi na kusi, ambazo mabaharia wa Kilwa na Lamu walizitegemea kwa karne nyingi kwenda na kurudi Arabuni, hulundika maji upande mmoja wa bahari na kuyapunguza upande mwingine. Halafu kuna jambo ambalo wengi hulikataa wanapolisikia mara ya kwanza. Barafu ya Greenland ni nzito kiasi kwamba huyavuta maji ya bahari kuelekea kwake, kama mwezi unavyoyavuta. Barafu hiyo ikiyeyuka, mvuto unapungua, na maji yaliyokuwa yamevutwa huondoka kwenda mbali. Matokeo yake ni kwamba karibu na Greenland bahari hushuka, na pwani za tropiki, zilizo mbali na barafu zote mbili, ile ya kaskazini na ile ya kusini, hupokea zaidi kidogo ya wastani. Mvuvi wa Mtwara, ambaye hajawahi kuiona barafu isipokuwa ile ya kuhifadhia samaki, amewekwa katika kundi la walipaji wakubwa.

Kuyajumlisha hayo yote ndiyo kazi ya modeli za bahari. Modeli ni hesabu. Bahari inagawanywa katika visanduku vingi, vya upana na vya kina, na kila kisanduku hupewa joto lake, chumvi yake na mwendo wa maji yake. Kisha kompyuta, ikifuata kanuni za fizikia zinazofundishwa sekondari, hukokotoa jinsi kila kisanduku kinavyompa jirani yake maji na joto, saa baada ya saa, hadi miaka 100 imalizike.

Wapo watakaosema kwamba utabiri wa miaka 80 ni ramli iliyovaa suti. Hoja hii inastahili jibu, kwani watumishi wengi wanayo moyoni hata kama hawaitamki semina inapoendeshwa. Mpiga ramli hatoi njia ya kumsahihisha. Modeli hupewa kwanza miaka iliyokwisha kupita: inalishwa pepo na joto la miaka ya nyuma, kisha inaulizwa bahari ilikuwa wapi, na jibu lake linawekwa kando ya kipimo kilichokuwa kimesimama majini miaka hiyo. Ikikosea, watu wanaona imekosea na wanaitengeneza.

Mfano mzuri unapatikana hapa hapa. Unguja ina kipimo cha maji ya bahari kinachoandika tangu mwaka 1984. Katika miaka yake ya mwanzo kipimo hicho kilionyesha jambo la ajabu: wakati bahari za dunia zikipanda, Unguja maji yalikuwa yakishuka. Asiyejua angesema kwamba kipimo kibovu, au kwamba habari yote ya bahari kupanda ni uzushi wa Wazungu. Mwaka 2010 jopo la watafiti lililoongozwa na Weiqing Han wa Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, lilichapisha utafiti uliounganisha vipimo kama hivyo, picha za setilaiti na modeli za bahari, likaonyesha kwamba tangu miaka ya 1960 maji yalikuwa yamepungua katika eneo la tropiki la kusini mwa Bahari ya Hindi, pamoja na Unguja, huku yakiongezeka mahali pengine pengi pa bahari hiyo. Sababu ilikuwa pepo, ambazo mwendo wake ulibadilika joto lilipoongezeka. Kipimo hakikuwa kibovu. Baadaye maji ya Unguja nayo yakaanza kupanda. Fundisho lililomo ni kwamba pepo zinaweza kulificha jambo kwa miaka 20 kisha zikaliachia ghafla, na mpangaji aliyejenga kwa kufuata alichokiona katika miaka hiyo 20 atakuwa amejenga pabaya.

Aidha, si kila ufukwe unaoliwa umeliwa na tabianchi. Maziwe, kisiwa kidogo cha mchanga karibu na Pangani kilichokuwa maarufu kwa mazalia ya kasa, kilipoteza miti yake na kuanza kufunikwa na maji yanapojaa kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ni rahisi kuitupia lawama bahari. Lakini wapo wataalamu wanaotaja ukataji wa miti, maana mchanga usio na mizizi hauna wa kuushika. Kunduchi nako, mmomonyoko wa miaka mingi umehusishwa na uchimbaji wa mchanga katika mito ambayo ndiyo iliyokuwa ikiulisha ufukwe. Kiongozi anayeisingizia tabianchi kwa jambo lililofanywa na malori ya mchanga anawadanganya wananchi, na anayaacha malori yaendelee.

Sasa iko kasoro ya modeli ambayo lazima isemwe waziwazi. Visanduku vya modeli nyingi za dunia nzima vina upana wa kilometa 100 hivi. Mlango wa bahari kati ya Unguja na bara, penye wembamba wake, haufiki kilometa 40. Kwa hiyo ndani ya kompyuta kubwa za Exeter, Hamburg na Boulder Unguja inaweza isiwepo kabisa, au iwe imeungana na Bagamoyo. Modeli ya namna hiyo haiwezi kumwambia mtu maji ya Forodhani yatafika ngazi ya ngapi. Dawa yake inajulikana: huchukuliwa matokeo ya modeli ya dunia, yakaingizwa kama mpaka wa nje wa modeli ndogo yenye visanduku vya kilometa chache, inayozitambua Pemba, Unguja na Mafia, mkondo unaopanda kaskazini kandokando ya pwani, na kina cha maji kilivyo. Kazi hiyo huhitaji mtu aliyesoma, kompyuta yenye nguvu, na zaidi ya yote vipimo vya mahali penyewe. Tanzania inayo Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyoanzishwa Unguja mwaka 1978, na inayo Mamlaka ya Hali ya Hewa. Wataalamu wapo, japo hawatoshi. Kinachosikitisha ni kwamba ripoti huandikwa kwa Kiingereza, hujadiliwa hotelini, kisha hufungiwa kabatini, na mwalimu wa jiografia huendelea kufundisha wastani wa dunia kutoka kitabu cha zamani.

Kasoro hiyo ya visanduku ndiyo inayoirudisha habari hii Katavi. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilometa 670 hivi, na upana wake kwa wastani ni kilometa 50 tu. Lina kina cha mita 1,470, la pili duniani kwa kina, na ni mali ya nchi nne. Hata hivyo, katika baadhi ya modeli za dunia ziwa hilo lote limehesabiwa kuwa nchi kavu, kwa sababu halijazi kisanduku. Yaani mtu anayetaka kujua maji ya Ikola yatakuwaje mwaka 2060 anaisoma hesabu ambayo ndani yake Ikola haina ziwa!

Na ziwa hili si la kuchezewa. Itakumbukwa kwamba Stanley alipomkuta Livingstone Ujiji mwaka 1871, mji huo ulikuwa kando ya maji. Leo mahali panapoonyeshwa kuwa ndipo walipokutana pako mamia ya mita kutoka ufukweni. Katika miaka hiyo mto Lukuga, mlango pekee wa kutolea maji ya ziwa, upande wa Kongo, ulikuwa umezibwa kwa tope na majani, na ziwa likapanda hadi mwaka 1878 lilipokivunja kizuizi hicho. Maji yakatoka kwa nguvu, na katika muda usiofika miaka 20 ziwa likashuka takriban mita 10. Huko Karema, Wabelgiji walijenga kituo chao mwaka 1879 kwenye mwinuko karibu na maji. Maji yakawakimbia. Walipowaachia wamisionari wa White Fathers mahali hapo mwaka 1885, ziwa lilikwisha kuacha nyuma yake tambarare mpya, nyeusi na yenye rutuba, ambayo kila mkulima mwenye akili angeitamani.

Ndivyo watu wanavyoshuka kuyafuata maji. Tambarare aliyolima babu ikawa kiwanja cha baba, na kiwanja cha baba kikawa soko. Kisha zikaja mvua za mwaka 1961. Bahari ya Hindi ilikuwa imepata joto upande wa Afrika na ubaridi upande wa Indonesia, na mawingu yakamwagika Afrika Mashariki hata Ziwa Victoria likapanda karibu mita mbili na nusu kufikia mwaka 1964, na Ziwa Tanganyika zaidi ya mita moja. Hali kama hiyo ya bahari ilirudi mwaka 1997, na ikarudi tena kwa nguvu mwaka 2019. Baada ya hapo maji ya Ziwa Tanganyika yakapanda, yakaingia Gatumba na mitaa ya ufukweni ya Bujumbura, na upande wa Tanzania nako makazi ya ukingoni yakafikiwa. Mwezi Mei 2024 Ziwa Victoria lilifikia kimo kisichowahi kuandikwa katika vipimo vyake.

Jambo la kushangaza ni kwamba muda mfupi kabla ya hapo kilio kilikuwa kinyume. Ziwa Tanganyika lilikuwa likishuka, na mazungumzo kati ya Tanzania na Kongo yalikuwa juu ya kujenga kizuizi katika Lukuga ili maji yasiishe. Katika kizazi kimoja cha watumishi, wale wale waliohudhuria vikao vya kuzuia maji yasipungue waliitwa kuwahamisha watu waliozingirwa na maji. Hakuna aliyekosea kwa makusudi. Kila kikao kilitazama mstari wa maji wa mwaka wake kikadhani ndio mstari wa ziwa.

Kwa nini ziwa huyumba namna hiyo? Maji yake huingia kwa mvua inayonyesha juu yake na kwa mito kama Malagarasi na Ruzizi. Kutoka, sehemu kubwa kabisa hupanda hewani kuwa mvuke, na kilichobaki kidogo ndicho hupita Lukuga. Ziwa la namna hii ni kama mtu anayeishi kwa mshahara unaokaribia sana kulingana na matumizi yake: ongezeko dogo likiendelea miaka mitatu, akiba inafura, upungufu mdogo ukiendelea, deni linaonekana. Joto likizidi, mvuke unaongezeka. Bahari ya Hindi ikipata joto upande wa magharibi, mvua inaongezeka. Lipi litashinda? Hilo haliwezi kujibiwa kwa kukisia wala kwa kumbukumbu za wazee peke yake. Linahitaji modeli ya bahari inayotoa joto la Bahari ya Hindi, modeli ya hewa inayogeuza joto hilo kuwa mvua, na hesabu ya ziwa lenyewe pamoja na tope la Lukuga. Mnyororo huo ukikatika mahali pamoja, mwisho wake hauna maana.

Gharama yake si ndogo, na ni haki kusema kwamba wanaopaswa kuchangia kwanza ni wale walioichafua anga. Mkutano wa Sharm el-Sheikh wa mwaka 2022 ulikubali kuanzishwa kwa mfuko wa hasara na madhara kwa nchi zinazoumia. Tanzania inayo haki ya kudai. Lakini anayekwenda kudai bila vipimo huulizwa hasara yake ni sentimeta ngapi, tangu mwaka gani, na ushahidi uko wapi. Naye akikosa jibu hupewa semina.

Wakati hesabu hizo kubwa zikisubiriwa, kuna kazi ambayo haihitaji kompyuta. Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika, yenye makao yake Kigoma, inaweza kutangaza kwa kila halmashauri ya ufukweni kimo kimoja rasmi, kwa mita juu ya usawa wa bahari, ambacho chini yake hakuna jengo la umma litakalosimamishwa. Kwa kuanzia, kimo hicho kiwe juu ya maji ya mwaka 1964 na juu ya yale ya mwaka 2024, kwa kadiri itakayoonekana na wataalamu kuwa salama, na kirekebishwe kila baada ya miaka michache modeli zinapoboreshwa. Kimo hicho kipakwe rangi kwenye nguzo za saruji Ikola na Karema, mahali panapoonekana na mwenye mtumbwi na mwenye shamba. Mita 60 zibaki, lakini zihesabiwe kutoka alama hiyo. Pwani, Mamlaka ya Hali ya Hewa na Taasisi ya Sayansi za Bahari zifanye vivyo hivyo kwa bamvua na kwa makadirio ya mwaka 2050. Vipimo vya kila mwezi, vya bahari na vya ziwa, vitolewe kwa Kiswahili na vipelekwe mashuleni. Darasa la Sibwesa linaloweza kuchora mstari wa ziwa kutoka mwaka 1964 hadi leo litakuwa limejifunza jiografia na hisabati kwa pamoja, na baadhi ya hao ndio watakaokuja kuziandika hizo modeli.

Litaulizwa swali la wale waliokwisha kujenga chini ya alama. Hao hawakuvunja sheria. Walifuata utepe waliopimiwa na Serikali. Kuwaita wavamizi itakuwa dhuluma. Waelezwe mapema, wapewe viwanja vya juu kabla maji hayajaja, na wasisubiriwe mpaka wahamishwe usiku kwa mitumbwi. Mipango ya matumizi ya ardhi ya vijiji ndiyo mahali pa kulifanya jambo hili, kwa mkutano mkuu wa kijiji, mchana, ramani ikiwa mezani.

Haraka inatakiwa Karema kuliko kwingine. Bandari mpya iliyokamilika huko mwaka 2022, kwa zaidi ya shilingi bilioni 47, imekusudiwa kubeba biashara ya Kongo, na bandari huvuta maghala, maghala huvuta wapagazi, wapagazi huvuta mama ntilie, na wote hutaka kuwa karibu na maji. Upo pia mpango wa kuiendeleza reli kutoka Mpanda hadi hapo. Kabla ya kigingi cha kwanza cha reli hiyo kupigwa upande wa ziwani, Halmashauri ya Wilaya ya Tanganyika inayo haki ya kuuliza ni kimo gani cha maji kilichotumika katika michoro, kilipimwa mwaka gani, na kwa makadirio ya nani, na kujibiwa kwa namba.